Maswali ya Wasomaji: "Huyo Ni Mtu"

Barua tatu kati ya zilizoifikia safu hii zimetoka Malindi na Lamu, na zote zinauliza, kila moja kwa njia yake, ni kiasi gani tunahitaji kujua habari za mahali, za watu na za wakati ili tuielewe kazi ya sanaa iliyo mbele ya macho yetu. Nimeona afadhali nizijibu pamoja. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa zaidi kwa sababu imenikaa moyoni tangu siku nilipoisoma.

Swali la kwanza, kutoka Malindi

Assalaam aleikum, Mwalimu. Mimi ni kijana ninayefanya kazi katika hoteli moja ya ufukweni. Kwenye ukumbi wetu wa mapokezi limesimamishwa gogo lililochongwa, refu kuliko mtu, lenye kichwa cha duara na nakshi za pembetatu mwili mzima, nalo limemulikwa kwa taa nzuri. Kibandiko chake kinasema: "Sanamu ya Kiafrika, mti." Wageni hulipenda, na mimi pia nalipenda. Juzi babu yangu mzaa mama, ambaye ni Mgiriama, alikuja kunijulia hali kazini. Alipoliona aligeuza uso, akakataa kukaa katika ukumbi ule, akakataa hata maji ya kunywa. Alisema tu, "Huyo ni mtu." Je, mimi na babu tulikuwa tunatazama kitu kimoja? Na je, ni kosa kuipenda kazi ya mikono kwa uzuri wake tu?

Jibu

Waaleikum salaam, mwanangu. Kichwa cha duara, mwili bapa, safu za pembetatu zilizokatwa kwa ustadi: hicho ulichokieleza ni kigango, au ni mfano wa kigango, na tofauti kati ya hayo mawili nitaigusa mbele kidogo.

Kigango ni nguzo ya ukumbusho ambayo baadhi ya Wamijikenda, na hasa Wagiriama, humchongea mzee aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye mali na heshima ambacho mtu haingii ila kwa kuwaandalia wenzake karamu ya kula na kunywa. Hakichongwi kwa sababu tu mzee amefariki. Mara nyingi husimamishwa baadaye, pengine baada ya miaka, pale marehemu anapomjia mmoja wa wanawe ndotoni, au familia inapoandamwa na maradhi na mikosi hadi ikafahamika kwamba mzee anadai mahali pake. Akishapewa mahali hapo, hupewa pia haki zake: hufungwa vitambaa, humwagiwa mnazi, yaani pombe ya mnazi, hutengewa chakula, huelezwa habari za nyumbani. Kwa hiyo kigango si jiwe la kaburi, wala si picha ya sura ya marehemu. Ni makao ya koma, yaani roho ya mhenga, na ukoo unapohama hakihamishwi. Huachwa pale pale kiishe kwa jua, mvua na mchwa, na huko waendako watu huwachongea wazee wao vibao vidogo visivyo na mapambo mengi.

Sasa rudi kwenye maneno ya babu yako, na uyasikilize kama mwanafunzi wa sarufi. Wewe umeandika "gogo lililochongwa". Kibandiko kimeandika "sanamu". Yeye amesema "huyo". Lugha yetu haina haja ya kueleza kwa sentensi ndefu jambo ambalo kiambishi kimekwisha kulisema: kile mlichokihesabu miongoni mwa vitu, yeye alikihesabu miongoni mwa watu. Mti mliokuwa mkiutazama ulikuwa mmoja, lakini alichokutana nacho babu yako ni mzee wa watu aliyesimamishwa mlangoni pa wageni, bila jina, bila ukoo, bila tone la mnazi. Nadhani ndiyo maana alikataa hata maji, kwani ni vigumu kunywa mbele ya mzee ambaye hakuna aliyemkaribisha.

Unaweza kuniambia kwamba hayo ni mambo ya imani na desturi, na kwamba wewe umeuliza habari ya sanaa. Lakini angalia jinsi maarifa hayo yanavyoubadilisha utazamaji wenyewe. Mtu asiyejua huona mwili usio na mikono wala miguu, akafikiri kwamba fundi alishindwa, au, akiwa amesoma habari za sanaa ya Ulaya ya karne ya 20, husifu jinsi fundi alivyorahisisha umbo. Fundi hakushindwa wala hakurahisisha kitu. Hakuwa akichora sura. Alikuwa akisimamisha uwepo wa mtu, na kwa kazi hiyo kichwa na kiwiliwili vinatosha. Tazama pia ile rangi ya kijivu na zile nyufa za mti uliopigwa na jua la miaka mingi, ambazo wakusanyaji wa ng'ambo huzipenda mno. Wao huziita uzuri wa uzee na hutaka zihifadhiwe zisiendelee. Kwa wenyewe, kuchakaa huko ndiko mwendo wa kigango, na kukisimamisha katika chumba chenye kiyoyozi ili kisioze kamwe ni kumkatiza mzee safari yake. Alama ile ile juu ya mti ule ule huonwa na mmoja kuwa pambo la kutunzwa, na mwingine kuwa njia ambayo haikupaswa kuzibwa.

Kuna kisa kimoja ambacho kila mhifadhi wa makumbusho angepaswa kukijua. Mwaka 1985 mtafiti wa Kimarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja wa pwani yetu akiwa amesimama kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda mfupi baadaye vigango hivyo viliibwa. Miaka mingi ilipita, kisha mtafiti huyo akakitambua kimoja katika picha za mkusanyiko wa jumba la makumbusho la jimbo la Illinois. Cha pili kilipatikana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Vyote viwili vilirudishwa Kenya mwaka 2007. Ndani ya majumba hayo vilikuwa vimeandikwa na kupimwa na kutunzwa vizuri, lakini hakuna kipimo wala kibandiko ambacho kingeweza kusema ni vya nani. Kilichosema ni ile picha moja, kwa sababu ilivionyesha vikiwa mahali pake, na mwenyewe akiwa kando. Vigango vingine 30 viliwasili Nairobi mwaka 2019 kutoka makumbusho ya Denver, na kwa vingi vya namna hiyo hakuna picha kama ile, kwa hiyo safari yao ya kurudi huishia ghalani, maana kurudi Kenya ni jambo moja na kurudi nyumbani ni jingine.

Kuhusu swali lako la pili, si kosa kukipenda kitu kwa uzuri wake. Jicho huanza, na jicho lisilopenda halitauliza. Ninachokilaumu ni kibandiko, ambacho kwa maneno matatu kimefunga maswali yote. Neno "sanamu" limemtoa mtu, neno "Kiafrika" limefuta Ugiriama pamoja na kijiji na ukoo, na neno "mti" limetaja kile ambacho kila mwenye macho anakiona.

Fanya hivi. Chunguza kwanza kama ni kigango cha kale au ni kazi iliyochongwa kwa ajili ya soko la watalii, maana wachongaji wa mifano wapo na kazi yao ni halali. Mfano nao una habari zake, ila ni habari za biashara. Tazama sehemu ya chini. Nguzo iliyokaa ardhini miaka mingi haiwezi kuwa na mguu unaofanana na kiwiliwili chake, na iliyokatwa kwa msumeno juu kidogo ya ardhi huonyesha mkato. Ukiona dalili za ukale, zungumza na meneja kwa upole, kwa sababu kazi ni yako na unga ni wako, kisha umshauri awaite watu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ambao wana ofisi hapo hapo Malindi. Ikiwa ni mfano, mwombe abadilishe kibandiko. Na kabla hakijaandikwa kipya, muulize babu yako kingefaa kusema nini.

Swali la pili, kutoka Mkomani, Lamu

Mwalimu, shikamoo. Familia yetu ina nyumba ya mawe ya zamani ambayo sasa tunaikarabati, na ukutani mwa chumba cha ndani kabisa kuna zidaka za chokaa, yaani vishubaka vya ukutani, zilizobaki karibu zote. Wageni huuliza zilikuwa za nini. Nimewasikia waongozaji wakisema zilikuwa rafu za vitabu, mwingine akasema za kuwekea taa, mwingine akasema kila kidaka ni alama ya mtoto aliyezaliwa. Tena kaka yangu anajenga nyumba ya wageni Shela na anataka fundi amnakilie zidaka hizo kwenye ukuta wa mapokezi. Jibu la kweli ni lipi, na je, nimruhusu?

Jibu

Marahaba, binti yangu. Kabla ya kuuliza zidaka ni za nini, uliza ziko wapi. Waongozaji wote watatu uliowataja wamesimama mbele ya ukuta wakautungia maana papo hapo, na mpaka mtu atembee kutoka mlangoni hadi kwenye ukuta huo hataona kwa nini fundi aliufanya hivyo.

Tutembee basi, ingawa wewe njia hiyo waijua kuliko mimi. Mtu hutoka mtaani akafika dakani, yaani kibarazani pa mlango, penye viti vya mawe, ambapo mgeni wa kiume aliweza kumalizia shughuli yake bila kuingia. Akiingia hupita tekani, ambayo imepinda makusudi ili jicho la mtaani lisifike ndani, kisha hutokea kiwandani, yaani ua wa ndani, kwenye mwanga wa anga. Kutoka hapo vyumba vinafuatana sambamba, virefu na vyembamba, kwa sababu upana wa chumba hutegemea boriti ya mkoko, ambayo haifai kuvuka nafasi kubwa zaidi ya mita mbili na nusu hadi tatu: kwanza msana wa tini (wa chini), kisha msana wa yuu (wa juu), kisha ndani. Majina yenyewe yanaeleza kwamba mtu anapanda kadiri anavyoingia. Na kadiri anavyoingia, mwanga unapungua. Ukifika ndani umebaki mwanga wa pembeni tu, uliosafiri kutoka kiwandani ukipenya milango, na hapo ndipo fundi alipoweka zidaka, safu juu ya safu, kila kidaka na ukingo wake wa chokaa iliyochongwa kina kirefu kiasi cha kuweza kukamata kivuli. Ukuta ambao ungekuwa giza na kizuizi ukawa unaonekana kama unaendelea mbele. Nakshi ile haikukusudiwa kutazamwa kwa taa ya umeme, wala kutazamwa na kila mtu.

Hilo la pili ni muhimu. Chumba cha ndani kilikuwa cha mama wa nyumba. Nyuma yake, katika nyumba ya kati, ndipo palipokuwa pahali pa uzazi na pa kuoshea maiti. Bibi arusi alionyeshwa katika sehemu hizo za ndani, na wanawake wa ukoo ndio waliokuwa watazamaji. Ndani ya zidaka ziliwekwa sahani na mabakuli ya kauri kutoka Uchina na kwingineko, vitu vya thamani vilivyoonyesha kwamba nyumba hiyo ina mkono mrefu baharini. Mtafiti Linda Donley-Reid, aliyefanya kazi Lamu katika miaka ya 1980, alitoa hoja kwamba kuta hizo na vyombo hivyo vilihesabiwa pia kuwa kinga dhidi ya jicho la hasidi, hasa kwa kuwa vilikuwa karibu na mambo mazito ya uzazi na mauti. Mimi naona maelezo yake yana nguvu, kwa sababu yanaueleza mpangilio wa nyumba nzima, si ukuta peke yake. Lakini sioni sababu ya kuchagua moja tukatupa mengine. Kitu kinaweza kuwa fahari, kinga na mchezo wa mwanga kwa wakati mmoja, kama vile kanga ilivyo vazi, zawadi na barua.

Ushahidi mwingine umo katika ushairi wetu wenyewe. Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir uliotungwa takriban karne mbili zilizopita, unapoomboleza kuanguka kwa mji wa Pate, jirani na Lamu, unataja madaka (ndizo zidaka hizi, si daka la mlangoni) ya kuwekea sahani ambayo sasa ndege wameyafanya viota. Mtunzi angeweza kutaja kitu chochote katika majumba yale. Alichagua hicho kwa sababu msomaji wa zama zake alijua mara moja kwamba, ikiwa ndege wamefika kwenye madaka, wamefika ndani, na ikiwa wamefika ndani, basi hakuna tena nyumba. Anayedhani madaka ni rafu tu ataona katika beti hizo habari ya ndege, asisikie kilio.

Hayo ya kidaka kwa kila mtoto aliyezaliwa, mwambie mwongozaji aliyeyasema ahesabu zidaka za ukuta wako, kisha amhurumie mama huyo. Nalisema kwa mzaha, lakini jambo lenyewe si la mzaha. Maelezo ya kubuni yana hatari kubwa kuliko kukosa maelezo, kwa sababu mgeni asiye na habari bado ana swali, na aliyepewa hadithi tamu ameridhika. Habari za mahali na wakati ni lazima zishikwe na kitu kinachoweza kukaguliwa: mpangilio wa vyumba, maneno ya wazee zaidi ya mmoja, kazi za watunzi wa zama hizo, vyombo vyenyewe.

Na kaka yako? Mruhusu, zidaka hazina hakimiliki. Ila mwambie kwamba atakuwa ameipindua nyumba nje ndani, kwa kuweka mlangoni kile ambacho wahenga walikificha nyuma ya daka, tekani, kiwanda na misana miwili. Pengine hilo halimsumbui, na mafundi wapya wana haki ya kutumia nakshi za zamani kwa kazi mpya. Lakini kama ameazimia kutia balbu ndogo ndani ya kila kidaka, kama nilivyoona katika nyumba kadhaa, namsihi asifanye hivyo. Balbu ndani ya kidaka hukiua kivuli, na bila kivuli atakuwa amelipia matundu.

Swali la tatu, kutoka Malindi

Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Rafiki yangu anasema kwamba mambo ya mila na mahali yanahitajika kwa vitu kama vinyago na milango tu, lakini picha za kuchora za ng'ambo zinajitosheleza: unaitazama na unaielewa. Ni kweli?

Jibu

Si kweli, na mji wako wenyewe una ushahidi. Mwaka 1414 twiga aliletwa kutoka Bengal kama zawadi kwa Yongle, mfalme wa Uchina wa nasaba ya Ming, na mwaka uliofuata ujumbe wa Malindi ukapeleka mwingine. Twiga yule wa kwanza alichorwa, na picha hiyo inajulikana hadi leo kupitia nakala zake. Rafiki yako akiitazama ataona twiga na mtu aliyeshika kamba, naye ataona sawasawa. Lakini juu ya picha yameandikwa maneno ya Shen Du, mwandishi wa barazani kwa mfalme, yanayomwita mnyama huyo qilin, kiumbe ambaye kwa imani ya Wachina hujitokeza tu zama za mtawala mwadilifu. Waliomwona hawakuwa wakitazama mnyama wa mbugani. Walikuwa wakitazama cheti cha uhalali wa mfalme ambaye kiti alikitwaa kwa vita kutoka kwa mpwa wake.

Kwa Ulaya nitatoa mfano mmoja tu. Mwaka 1642 mchoraji wa Kiholanzi, Rembrandt, alimaliza picha kubwa ya kikosi cha walinzi wa mji wa Amsterdam, iliyokusudiwa ukumbi wa mikutano wa walinzi hao. Dunia nzima huiita "Doria ya Usiku". Si usiku. Vanishi na uchafu viliitia giza kwa miaka mingi, na watu wa baadaye, wasiojua ilivyokuwa, wakaipa jina kutokana na giza hilo. Tena mwaka 1715 ilihamishiwa katika jumba la halmashauri ya mji, na kwa kuwa haikuenea kwenye ukuta uliotengwa, ilikatwa pande zote nne, upande wa kushoto ukipunguzwa zaidi. Vipande vilivyokatwa vilipotea. Nakala ndogo iliyochorwa na mtu mwingine kabla ya kukatwa ndiyo iliyobaki ikionyesha ilivyokuwa, na mwaka 2021 makumbusho ya Rijksmuseum yalitumia nakala hiyo, pamoja na kompyuta, kuchapisha sehemu zilizokosekana na kuzining'iniza kwa miezi michache kuizunguka picha yenyewe. Kapteni na luteni wake, ambao kwa zaidi ya miaka 300 watazamaji walikuwa wamewaona katikati kabisa kama watu waliosimama kupigwa picha, walijikuta wako kulia, na mbele yao kukawa na nafasi tupu ambayo walikuwa wakiiendea tangu siku ya kwanza.